Kuchagua visomaji vidogo vya kadi kwa milango ya jengo la biashara na makazi

Msimamizi wa jengo anayetaka kuachana na funguo za chuma kwa kawaida huanzia dukani. Anaoneshwa kisomaji chembamba cheusi chenye taa ya buluu, anaambiwa kinapokea kadi elfu moja, anapunguziwa bei kidogo na kuondoka na vipande sita. Huko ni kuanzia mwisho. Kisomaji ndicho kipande kinachoonekana kuliko vyote, lakini ndicho pia kinachokaa nje, upande wa mtu asiyeruhusiwa kuingia, na kwa hiyo chochote utakachokihifadhi ndani yake umekwisha kumkabidhi mpita njia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mlangoni, unapita kwenye kitasa, kadi, nyaya na umeme, na kulifikia umbo la kisomaji mwishoni kabisa. Mfano nitakaoutumia ni jengo la ghorofa sita la aina iliyozoeleka Kariakoo na Upanga jijini Dar es Salaam: maduka chini, ofisi ghorofa ya kwanza na ya pili, na familia za wapangaji kuanzia hapo kwenda juu.

Hatua ya 1: Zunguka jengo na futi ya kupimia

Chukua daftari na uukague kila mlango utakaofungwa kielektroniki. Andika upana wa fremu kwa milimita, aina ya fremu (mbao, chuma au alumini), upande mlango unakofungukia, kama mvua inaufikia, kama jua la mchana linaupiga, na ni kina nani wanaoupita kwa siku moja. Watu wengi hudhani kwamba hili ni jambo la dakika kumi, ilhali katika jengo la milango kumi na miwili linaweza kukula asubuhi nzima, na ndiyo asubuhi itakayokuokolea fedha kuliko nyingine yoyote katika kazi hii.

Upana wa fremu ndio unaoamua kama unahitaji kisomaji chembamba au la. Visomaji vilivyotengenezwa kwa ajili ya fremu za alumini za milango ya vioo huwa na upana wa takribani milimita 40 hadi 50, na fremu ikiwa nyembamba kuliko kisomaji, fundi atakibandika nusu kwenye alumini na nusu kwenye kioo, jambo litakaloacha mwanya wa maji na wa bisibisi. Kama kando ya mlango kuna ukuta wa tofali, hulazimiki kununua kisomaji chembamba, kwa kuwa kilicho kipana kidogo husoma kadi kwa umbali mzuri zaidi na huwa rahisi kwa mzee au mtu aliyebeba mtoto.

Ukimaliza, igawe milango katika makundi matatu: ya kuingilia jengo kutoka barabarani, ya ndani inayotenganisha wapangaji wa biashara na wa makazi, na ya vyumba vya siri kama chumba cha mitambo au stoo ya duka. Hakuna sababu ya kununua kisomaji cha aina moja kwa makundi yote matatu.

Hatua ya 2: Amua kitasa kwanza

Umeme ukikatika, je, mlango ubaki umefungwa au ufunguke? Swali hili lijibiwe kwa kila mlango kabla ya kitu chochote kununuliwa. Kufuli la sumaku hushika kwa nguvu ya umeme, hivyo umeme ukiisha mlango unaachia. Kitasa cha umeme cha kawaida, kile kinachoachia ulimi wa kitasa pale kadi inapokubaliwa, hupatikana kwa aina zote mbili, yaani kinachofunga umeme ukikosekana na kinachofungua.

Kwa mlango wa ngazi ambao ndio njia ya kukimbilia wakati wa moto, anayetoka ndani asihitaji kadi kamwe. Kama umefungwa kwa sumaku, kitufe cha kutokea kiwepo, na kiwepo pia kile kisanduku cha kijani cha kuvunja kioo, ambacho kinakata umeme wa sumaku moja kwa moja bila kuomba ruhusa ya paneli, yaani kisanduku cha ndani kinachoamua kadi ipi ifungue mlango upi. King'ora cha moto nacho kiunganishwe kwa namna hiyo hiyo. Fundi akikuambia kwamba paneli yenyewe itafungua milango moto ukitokea, mwulize itakuwaje kama moto umeanzia kwenye paneli.

Hatua ya 3: Chagua kadi, na usiharakishe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu kadi zote zinafanana. Zote ni plastiki nyeupe ya ukubwa wa kitambulisho au tagi ya mviringo ya kuning'iniza kwenye funguo, na zote hulia zikikaribishwa. Tofauti iko ndani.

Kadi za masafa ya kilohezi 125 ndizo za zamani na za bei ndogo kuliko zote. Zikifikishwa karibu na kisomaji hutamka namba yake kwa sauti, tuseme hivyo, kwa yeyote anayeuliza, na nyingi hazina usimbaji fiche wowote, yaani njia ya kuificha taarifa kwa ufunguo wa siri. Nilichukua tagi yangu mwenyewe ya jengo nikaipeleka kwa mchonga funguo wa kando ya barabara. Alitoa kifaa cha mkononi kama rimoti nene, akaigusisha tagi yangu, kikalia mara moja. Akagusisha tagi tupu, kikalia mara ya pili. Nilirudi na tagi mbili zinazofungua mlango ule ule kabla hajamaliza kumchongea mteja mwingine funguo ya kabati. Mpangaji anayehama akikurudishia tagi yake huna hakika kwamba hajabaki na pacha wake.

Kadi za megahezi 13.56 ni familia kubwa yenye watoto wazuri na wabaya. MIFARE Classic, ambayo imetapakaa katika usafiri na majengo tangu miaka ya 1990, ilikuwa na usimbaji fiche wake wa siri, lakini mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kilichoko Nijmegen, Uholanzi, walionesha hadharani jinsi unavyovunjwa, na leo vifaa vya kuinakili vinauzwa kwa yeyote. MIFARE DESFire ya matoleo ya EV2 na EV3 hutumia AES ya biti 128, ambayo ni njia imara ya usimbaji fiche: kadi na kisomaji huthibitishana kwa ufunguo wa siri, na anayesikiliza mazungumzo yao hapati cha kurudia. Kwa mlango wa kuingilia jengo la makazi, mimi sioni sababu ya kushuka chini ya hapo.

Kuna mtego mmoja ambao hata wauzaji wenye nia njema huuangukia. Kisomaji kinaweza kuandikwa kwamba kinasoma DESFire, na kweli kikaisoma, lakini kikasoma namba ya kiwandani tu, ile ambayo kila kadi huitoa bila kuulizwa ufunguo wowote. Hapo umelipia kadi ghali na kupata usalama wa kadi ya bei rahisi. Njia ya kuligundua hili ni nyepesi. Chukua kadi yako ya benki ya kugusa, ikaribishe kwenye kisomaji cha majaribio kilichounganishwa na paneli, kisha tazama orodha ya matukio kwenye kompyuta. Mlio peke yake usikutishe, maana baadhi ya visomaji hulia kwa kadi yoyote. Lakini ukiona paneli imeandika namba ya kadi hiyo, hata kama imeikataa, fahamu kwamba kisomaji kimewekwa kusoma namba ya kiwandani, na umtake muuzaji akibadilishe mpangilio au achukue mzigo wake.

Swali linalofuata ni nani anaushika ufunguo wa siri wa kadi zako. Wauzaji wengine hutumia ufunguo mmoja kwa wateja wao wote, na wengine hubaki nao, hivyo kila ukihitaji kadi mpya huna budi kurudi kwao kwa bei watakayoitaja. Taka kwa maandishi kwamba jengo lina ufunguo wake wa pekee na kwamba utakabidhiwa wewe, uuweke kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na hati za jengo.

Nina kisa changu kuhusu namba. Mpangilio wa kadi ulioenea zaidi duniani ni ule wa biti 26: biti 8 ni namba ya eneo, kuanzia 0 hadi 255, biti 16 ni namba ya kadi, kuanzia 0 hadi 65,535, na biti mbili zinazobaki ni za kukagua makosa. Hakuna anayegawa namba hizo kwa utaratibu, na yeyote anaweza kuagiza azipendazo. Katika jengo moja nililowahi kulisimamia, asubuhi moja mlinzi wa jengo la jirani alikuja kuomba maji ya kunywa, na kwa mazoea ya kazi yake akaipitisha kadi ya kwao kwenye mlango wetu. Taa ikageuka kijani. Tulisimama tukitazamana. Kwenye orodha ya matukio iliandikwa kwamba aliyeingia ni mama wa ghorofa ya nne, ambaye wiki hiyo alikuwa Tanga msibani. Muuzaji aliyetuuzia sisi na jirani zetu alikuwa amefungua maboksi mawili yenye namba zile zile. Tangu siku hiyo, kabla ya kupokea kadi, nauliza urefu wa mpangilio, namba ya eneo, na nani mwingine mtaani ameuziwa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Hakikisha uamuzi unafanyika ndani

Visomaji vidogo vinavyopendwa zaidi madukani ni vile vinavyojitegemea, ambavyo ndani ya kiganda kimoja vina kisomaji, kumbukumbu ya kadi na swichi ya kufungulia kitasa. Uzuri wake ni kwamba havihitaji paneli. Ubaya wake ni ule ule. Nyaya mbili za kitasa zinaingia mgongoni mwa kifaa kilichobandikwa nje, na kinachokishikilia ni skrubu moja ya chini, mara nyingi ya aina ambayo bisibisi yake inauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Atakayekifungua haulizwi kadi wala namba ya siri, kwa sababu kuzigusisha nyaya hizo mbili au kuukata mmoja wake, kutegemea kitasa, kunafanya kazi ile ile ambayo swichi ingefanya.

Kwa mlango wa barabarani, basi, nunua kisomaji kisicho na uamuzi wowote, ambacho kazi yake ni kusoma kadi na kupeleka taarifa kwenye paneli iliyofungiwa ndani, ama juu ya dari ama kwenye chumba cha umeme. Kama bajeti hairuhusu paneli, watengenezaji wengi wa vifaa vinavyojitegemea huuza kisanduku kidogo cha swichi kinachofungwa upande wa ndani, ambacho hufungua kitasa kwa amri yenye siri kutoka kwenye kisomaji. Kisanduku hicho ni cha bei ndogo, lakini hakitajwi mpaka ukiulizie. Kwa mlango wa ndani wa ofisi, ambako kuna macho ya watu mchana kutwa, kifaa kinachojitegemea kinatosha.

Angalia pia kama kisomaji kina kihisi cha kung'olewa, kinachopiga kelele au kutuma tukio kwenye paneli pale kinapobanduliwa ukutani. Kisha mwulize fundi kama amekiunganisha, kwa sababu waya wake ndio unaoachwa ukining'inia mara nyingi kuliko yote.

Hatua ya 5: Lugha ya kisomaji na paneli

Mfumo wa Wiegand umekuwepo kwa miongo kadhaa na bado ndio unaokutwa katika majengo mengi: waya wa kijani na mweupe hupeleka sifuri na moja kutoka kwenye kisomaji kwenda kwenye paneli, upande mmoja tu, bila usimbaji fiche, kwa umbali wa hadi mita 150 hivi. Anayeweza kubandua kisomaji anaweza kuchomeka kifaa kidogo nyuma yake, akairekodi namba ya kila anayepita, na kuirudia baadaye. Kumbuka kwamba kadi ya DESFire haikusaidii hapa, kwa sababu siri yake inaishia kwenye kisomaji.

OSDP, lugha mpya zaidi ya kisomaji na paneli, ambayo mwaka 2020 ilitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60839-11-5, hutumia RS-485, njia ya kupeleka taarifa mbali kwa nyaya, hufika takribani mita 1,200, huzungumza pande zote mbili na inaweza kuyafunga mazungumzo yote kwa AES ya biti 128. Ninasema inaweza kwa sababu ulinzi huo huwashwa kwa mkono. Nimekuta mitambo mipya ya OSDP ikizungumza wazi kabisa, na mingine ikitumia ufunguo wa majaribio wa kiwandani ambao unajulikana na kila mtu katika fani hii. Andika kwenye mkataba kwamba njia salama itawashwa na ufunguo utabadilishwa, na siku ya makabidhiano omba uoneshwe kwenye skrini. Kama kwa sasa unamudu Wiegand peke yake, nunua kisomaji kinachojua lugha zote mbili, na upitishe nyaya zilizosokotwa kwa jozi, zenye kinga, ili baadaye usilazimike kubomoa plasta.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya umeme

Katika miji yetu, ambako umeme huweza kukatika alasiri na kurudi usiku, hesabu hii haina mbadala. Kufuli la sumaku la kilo 280 hivi huchukua takribani ampea 0.5 kwa volti 12. Ongeza kisomaji kwa ampea 0.1 na paneli ndogo kwa ampea 0.2, unapata ampea 0.8. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 ukiigawa kwa 0.8 inakupa karibu saa 8 na dakika 45 kwenye karatasi. Fundi mkweli atakuambia utegemee saa 6 betri ikiwa mpya, na pengine nusu ya hapo ikishakaa miaka mitatu kwenye kisanduku chenye joto. Kitasa kinachobaki kimefungwa bila umeme huchukua umeme kwa sekunde chache tu za kufungua, na hivyo betri hiyo hiyo inaweza kukuvusha usiku mzima na zaidi. Mlango wa stoo ya duka unafaa kuwa wa namna hiyo.

Jambo jingine ni unene wa waya. Mafundi wengi hupenda kutumia jozi moja ya kebo ya mtandao kupeleka umeme wa kitasa kwa kuwa kebo imekwisha kupita. Kwa mita 30 kutoka kwenye paneli, umeme husafiri mita 60 kwenda na kurudi, na waya mwembamba wa kebo hiyo hupoteza takribani volti 2, hivyo sumaku inapata volti 10 badala ya 12 na kuushika mlango kwa ulegevu ambao kijana mwenye bega imara ataugundua. Waya wa milimita za mraba 1 kwa umbali huo huo hupoteza nusu volti tu. Usisahau diodi ndogo inayofungwa kwenye ncha mbili za kitasa, kwa kuwa bila hiyo, mshtuko wa umeme unaorudi kila mlango unapofunguka huvidhoofisha visomaji na paneli taratibu, na lawama humwangukia mtengenezaji.

Hatua ya 7: Sasa lichague umbo

Kwa mlango unaofikiwa na mvua, tafuta kiwango cha IP65 au zaidi: tarakimu ya 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake maji ya kurushwa kwa bomba hayapenyi. Mahali pa vurugu, kama lango la maegesho, angalia pia alama ya IK inayopima uwezo wa kuhimili vishindo, na IK10 ni miongoni mwa za juu kabisa. Kwa majengo ya Zanzibar, Mombasa na mwambao wote, ningekushauri uchague kisomaji ambacho ndani yake kimejazwa gundi ngumu na kinachotoka na mkia wa waya, kwa sababu vituo vya skrubu vilivyo wazi nyuma ya kifaa huota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewani, hata kama uso wake ungali unang'aa.

Chuma hupunguza umbali wa kusoma. Kisomaji chembamba kinachosoma kwa sentimita 5 mezani kwa muuzaji kinaweza kushuka hadi sentimita 2 kikibandikwa kwenye fremu ya alumini, na kipande cha plastiki cha kukiinua kidogo hurudisha sehemu ya umbali huo. Visomaji viwili vilivyopeana migongo kwenye ukuta mwembamba husumbuana, kwa hiyo vitenganishe kwa sentimita 30 au zaidi.

Kuhusu vitufe vya namba ya siri, tarakimu nne zinazotumiwa kila siku huchakaa na kung'aa kuliko nyingine, na mgeni anabaki na kazi ya kukisia mpangilio tu. Vitumie pamoja na kadi, si badala ya kadi. Simu ya mkononi nayo ni nzuri kwa ofisi zenye wafanyakazi wanaobadilika mara kwa mara, ila umbali wa Bluetooth upunguzwe, la sivyo mlango utakuwa ukimfungukia kila mpangaji anayepita koridoni na simu mfukoni.

Alama za vidole na uso zinahitaji tafakari nzito zaidi, kwani kadi iliyoibiwa hufutwa na kutolewa nyingine, lakini kidole hakitolewi kingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinazihesabu taarifa za kibayometria kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kuwataka wapangaji waweke vidole, uwe na sababu inayoandikika, njia mbadala kwa asiyeridhia, na jibu la wapi alama hizo zinahifadhiwa na lini zitafutwa mtu akihama. Kwa mlango wa ngazi za familia mimi sijaiona sababu hiyo bado.

Hatua ya 8: Funga mlango mmoja kwanza

Usilipie milango yote kwa mkupuo. Chagua ule unaopitwa na watu wengi kuliko yote, ufungwe kamili na kisomaji, kitasa, betri na paneli, na uutumie kwa wiki mbili ukiwa na watoto wa shule, wapagazi wa mizigo na mvua. Siku ya kwanza badilisha namba kuu ya siri ya kiwandani, kwa sababu imechapishwa kwenye kijitabu ambacho yeyote anaweza kukipata mtandaoni. Katikati ya wiki ya kwanza mpe mtu kadi, kisha ifute, na uhesabu ni dakika ngapi zinapita kabla mlango haujaikataa. Jumamosi jioni, wapangaji wakiwa wamearifiwa, zima swichi kuu ya ghorofa hiyo, andika saa kwenye daftari lile lile la vipimo, na ukae na kiti chako karibu na mlango mpaka sumaku iachie.